Bao la Mutale nililisikia nikiwa nje ya ukuta wa Amaan

Jumapili ya tarehe 25 Mei 2025, Joshua Mutale aliifungia Simba bao dakika ya 17 katika marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Mimi niliyevuka bahari kutoka Pemba kwa ajili ya mechi hiyo nilikuwa nje ya Uwanja wa New Amaan, Unguja, mgongo umeegemea ukuta. Nilisikia kishindo, nikauhisi ukuta unatetemeka, nikajua tumefunga. Aliyefunga nilikuja kuambiwa baadaye. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Pemba na wa bara watakaosafiri kufuata mpira, kwa sababu makosa niliyoyafanya mengi yanaepukika, na yalinigharimu zaidi ya pesa.

Mimi ni fundi cherehani, Chake Chake. Simba nimeirithi kwa baba. Mwaka 1993, Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella Abidjan, nilikuwa mtoto na ninachokikumbuka ni redio ya baba tu. Kule Abidjan ilikuwa suluhu, watu wakaamini kombe limeshafika nyumbani, kisha Dar es Salaam tukafungwa mbili bila. Baba alizima redio, akatoka nje, hakusema neno mpaka Isha. Kwa hiyo msimu wa 2024/25 tulipoanza kusogea, mimi sikuwa nahesabu pointi. Nilikuwa nahesabu miaka 32.

Msimu wenyewe ulianza vibaya kwa upande wetu mashabiki. Disemba 2024, baada ya mechi na CS Sfaxien ya Tunisia pale Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, zilizuka fujo, viti vikang'olewa, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikatuadhibu: mechi na Constantine ya Algeria ya Januari ikachezwa bila mashabiki. Tukashinda mbili bila mbele ya majukwaa matupu na kuongoza kundi kwa pointi 13. Nililitazama lile jukwaa tupu kwenye televisheni ya baraza letu nikaona haya kama niliyeng'oa kiti ni mimi.

Halafu robo fainali. Al Masry ya Misri walitufunga mbili kwao. Tarehe 9 Aprili pale Mkapa, Elie Mpanzu akafunga, Steven Mukwala akafunga, tukaenda kwenye matuta, kipa wetu Moussa Camara akaokoa, tukapita kwa penalti 4-1. Usiku ule sikulala. Ikumbukeni mechi hii, maana ndiyo iliyonipoteza baadaye.

Uwanja wa Mkapa ulifungwa kwa sababu ya nyasi, na nusu fainali na Stellenbosch ya Afrika Kusini ikaletwa Unguja, tarehe 20 Aprili. Nilikwenda na rafiki zangu wawili. Tiketi tulinunua mapema, sehemu iliyotangazwa na klabu. Boti tulikata kwenda na kurudi kwa pamoja. Tuliingia uwanjani mchana, jua bado kali, tukapata pa kukaa pazuri. Muda mfupi kabla ya mapumziko Jean Charles Ahoua akapiga mpira wa adhabu, ukaingia moja kwa moja. Moja bila. Wiki moja baadaye kule Durban tukatoka suluhu, na Simba ikawa imetinga fainali.

Safari ile ilikwenda laini kama hariri, na mimi nikadhani ndivyo safari za mpira zilivyo. Sikujiuliza ni nini hasa kilichoifanya iwe nyepesi. Kilikuwa ni maandalizi ya rafiki yangu mmoja, mtu wa orodha na mahesabu, ambaye mara ya pili hakwenda.

Fainali ya kwanza ilichezwa Morocco, usiku wa tarehe 17 Mei. Baraza lilijaa, watani wetu wa Yanga nao wamo, kimya, wanasubiri. Dakika ya nane RS Berkane wakafunga. Dakika ya 14 wakafunga tena. Nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi na sikumbuki kama nilikinywa. Baada ya hapo timu ilitulia, Berkane hawakupata la tatu, na mpira ulipokwisha watu wakaanza kusema neno moja: Al Masry. Mbili bila kule, mbili bila hapa, matuta, Camara yupo. Nami nilisema hivyo, tena kwa sauti ya juu kuliko wengi.

Leo nikiirudia ile mechi kwa akili iliyotulia, naona tulilinganisha namba ya mabao tukaacha kuwalinganisha waliofunga. Berkane walikuwa wameshalibeba kombe hili mara mbili, 2020 na 2022. Wale watu wanajua kuilinda tofauti ya mabao mawili ugenini, wanajua kupoteza muda bila kuonekana wanapoteza. Kocha wetu wa wakati ule, Fadlu Davids, aliijenga timu ile kwa msimu mmoja tu, na kufika fainali kulikuwa kazi kubwa tayari. Mimi shabiki nilipaswa kwenda nikiwa nimeridhika na hilo, kombe likija liwe la ziada. Nilikwenda nikiwa nimeshaliona kombe bandarini Mkoani, kwetu Pemba.

Siku chache kabla ya mechi ndiyo ikathibitika kwamba marudiano hayatakuwa Mkapa bali Amaan. Pemba ililipuka kwa furaha. Sikilizeni hesabu ambayo sikuifanya: Mkapa unaingiza watu 60,000, Amaan kiasi cha 15,000. Mahitaji ya Dar es Salaam nzima, ya mikoani, ya Unguja na Pemba, yote yanakuja kupita kwenye mlango wa watu 15,000, tena kwa siku chache. Nusu fainali haikuwa na presha hiyo. Mtu yeyote akikwambia "mara ile tulipata bila shida," muulize ilikuwa mechi gani.

Mfukoni sikuwa na pesa ya safari. Nilikuwa na arubuni za wateja. Sikukuu ya Mfunguo Tatu, yaani Idi ya kuchinja, ilikuwa inaangukia mwanzoni mwa Juni, na wiki mbili kabla yake ndiyo msimu wetu mafundi: kanzu, magauni, nguo za watoto. Watu watano walikuwa wameniachia pesa niwanunulie kitambaa na uzi. Mke wangu aliniona nazihesabu, akauliza: "Za nani hizo?" Nikamwambia nitazirudisha Jumatatu. Hakujibu. Aliendelea kukunja nguo, akanyoosha mikunjo kwa kiganja, moja moja, na mimi nikajifanya sielewi.

Nilimchukua mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na miwili, anasoma skuli hapa hapa Chake. Alikuwa hajawahi kuingia uwanja mkubwa. Nilimshonea jezi nyekundu kwa mkono wangu, na kitu kimoja tu cha busara nilichokifanya safari nzima ni hiki: kwenye pindo la ndani, juu kidogo ya kiuno, niliitarizi namba yangu ya simu kwa uzi mweupe. Sikuwa na sababu maalumu. Sindano ilikuwa mkononi, nikaona nitie.

Tiketi za njia ya kawaida sikuzipata, nilichelewa. Kijana mmoja niliyeunganishwa naye kwa simu akasema anazo mbili, nimtumie elfu sabini. Nilituma. Akaniletea picha mbili za tiketi kwenye simu. Hapa nawaomba msome polepole. Picha ya tiketi si tiketi. Mtu anaweza kuituma picha moja kwa watu kumi, na mashine ya mlangoni inamkubali wa kwanza kufika tu, tisa waliobaki wanaambiwa imeshatumika. Hakuna wa kumlalamikia, kwa sababu jina lako halipo popote na namba ya muuzaji jioni ile haitapatikana. Kama hukununua mwenyewe kwa simu yako au kwa wakala aliyetangazwa, jihesabu huna tiketi.

Tukavuka Jumamosi kutoka Mkoani. Mama yangu akinisikia nasafiri hulala na tasbihi. Tangu MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikija Pemba, hakuna safari yetu ya baharini anayoiona ndogo, na kwenye mkondo wa Nungwi boti ilipoanza kuinuka na kushuka nilimkumbuka. Mtoto alitapika mara mbili. Sikuwa na mfuko wala ndimu wala maji, mama mmoja wa pembeni ndiye aliyenipa. Anayesafiri na mtoto amlishe chakula chepesi kabla, abebe mifuko, na kitambulisho chake pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto aviweke karibu. Mimi vyangu nilivitafuta chini ya begi huku foleni inanisubiri nyuma.

Usiku tulilala Mwanakwerekwe kwa ami yangu. Asubuhi alinishauri: "Baba, nendeni mapema, kaeni humo humo." Nikamwambia mechi saa kumi, haraka ya nini. Tukatembea Darajani, tukala urojo, tukapiga picha Michenzani. Tulipofika Amaan saa nane ilishapita na foleni ilikuwa haina kichwa wala mkia. Tulisogea hatua kwa hatua. Adhana ya alasiri ilitukuta humo, wanaume wakatandika makaratasi na kanga pembeni mwa njia wakaswali kwa zamu, wengine wanawashikia nafasi. Niliswali pale na nikaomba kitu ambacho sitakisema.

Mlangoni tiketi ya mtoto ilikubali. Yangu ilikataa. Kijana wa mlangoni akajaribu tena, akanionesha kioo cha simu yake: imeshatumika saa sita na dakika kadhaa. Hakunifokea. Alisema, "Pole mzee, pisha wenzako." Nyuma watu wanasukuma, mtoto ameshavuka upande wa ndani, anageuka ananitazama, macho yamemtoka. Jirani yetu mmoja wa Chake, mtu mzima ninayemwamini, alikuwa nyuma yangu. Nikamwambia, "Nishikie huyu." Akamshika mkono, wakaingia. Kila kitu kilikwisha kwa nusu dakika. Sikumwambia mtoto tutakutana wapi. Kosa hilo bado linanisumbua zaidi ya elfu sabini.

Nikabaki nje. Kukaa nje ya uwanja mechi ikichezwa ni adhabu ya aina yake. Masikio ndiyo macho. Unasikia ngoma, unasikia pumzi za watu zikivutwa kwa pamoja, unajua krosi imepigwa, kisha "aaah," unajua imetoka. Mzee mmoja alikuwa na redio ndogo, lakini uwanja ulikuwa unamtangulia mtangazaji. Ndipo kile kishindo. Watu wa nje tulikumbatiana bila kujuana. Mimi nilikuwa nalia, na nilijua silii kwa sababu ya bao. Mtoto wa dada yangu alikuwa ndani, amelishuhudia, na mimi niliyemleta sipo karibu yake.

Karibu na mapumziko bwana mmoja wa Mkoani akatokea na tiketi ya mwenzake aliyekosa boti. Akaniuzia kwa bei aliyonunulia. Safari hii nilikuwa nimeshajifunza: tulikwenda naye mpaka mlangoni, mashine ikaisoma, ikakubali, ndipo nikampa pesa mkononi. Hata yeye alisema ndivyo inavyotakiwa.

Niliingia kipindi cha pili kimeanza. Moja bila, tunahitaji moja tu tuwe sawa kwa jumla. Sijakaa vizuri, dakika ya 50, Yusuph Kagoma wetu akaoneshwa kadi nyekundu. Nilikuwa nimepita mlangoni dakika chache tu nyuma. Nawaambia ukweli, mwili uliishiwa nguvu. Lakini niliyoyaona baadaye sitayasahau. Vijana kumi waliendelea kupanda. Beki wetu Kapombe anakimbia kama ndiyo kwanza dakika ya kumi. Mpanzu anachukua mpira, anawaendea. Uwanja mzima umesimama. Kisha Mukwala akaupachika wavuni, nikamrukia mtu wa mbele yangu, kofia yangu ikaanguka ikapotelea miguuni mwa watu. Mwamuzi akaenda kwenye VAR, kuitazama tena kwa video. Kusubiri kule ni kurefu. Bao likakataliwa, kuotea.

Wapo waliosema tumeibiwa. Nilikuwa mbali na sehemu ile, sikuweza kuona mstari, na nimeitazama picha mara nyingi tangu siku ile. Nimeamua kulikubali, kwa sababu mtu akianza kubeba lile bao kifuani halitamwacha. Dakika ya tatu ya nyongeza Soumaïla Sidibé akasawazisha. Moja moja, jumla tatu kwa moja. Berkane wakabeba kombe lao la tatu pale pale Amaan.

Hakuna kiti kilichong'olewa nilikokuwa mimi. Watu walikaa. Wengine walipiga makofi, kwanza kwa wachezaji wetu, baadaye wachache wakawapigia na wale Wamorocco. Baada ya aibu ya Disemba, lile lilinifariji kuliko matokeo yangeweza kuniumiza, na ningependa liandikwe pamoja na yale mengine yaliyoandikwa kuhusu mashabiki wa Simba.

Kisha nikaanza kumtafuta mtoto. Simu ya jirani ilikuwa haipatikani, mtandao umezidiwa, na yangu ilibaki na chaji asilimia nne. Nje kulikuwa giza linaingia, magari, honi, watu maelfu. Nilizunguka uwanja mara mbili. Nilikuwa nasema kimoyomoyo nitamwambia nini dada. Karibu na Magharibi namba nisiyoijua ikapiga. Mwanamke akasema: "Wewe ndiye mjomba wake? Nimeona namba kwenye nguo." Anauza njugu karibu na barabara. Mtoto alipotezana na jirani kwenye msukumano wa kutoka, akasimama penye taa, akalia, na akakumbuka pindo. Nilipofika alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ana mkono uliojaa njugu, jezi imekunjuliwa nje namba ionekane. Yule mama alikataa pesa. Nilinunua njugu zake zote zilizobaki.

Kwa hiyo kabla hujaingia, muoneshe mtoto kitu kimoja kisichohama, mlango fulani, nguzo, mskiti, umwambie tukipotezana ni hapa. Namba iwe mwilini mwake, simu inazima. Na tiketi ya mkubwa ipite kwanza kabla ya ya mtoto. Laiti ningetangulia mimi, tungerudi wote kwa ami tukatazame kwenye televisheni, na ingekuwa heri.

Nilipiga hesabu Jumatatu ndani ya boti. Nauli za watu wawili kwenda na kurudi, elfu sabini ya yule kijana, tiketi ya tatu, chakula, magari: ilipita laki tatu, na nguo sikushona siku tatu katika wiki ambayo fundi hapotezi hata saa tatu. Sikuirudisha ile pesa Jumatatu. Niliazima kwa shemeji, nikakesha cherehanini usiku kumi mfululizo. Kanzu nne zilitoka kwa wakati. Ya tano ilikuwa ya mzee mmoja anayeniletea nguo tangu nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi. Aliifuata usiku wa kuamkia Sikukuu, haijatiwa darizi ya kifuani. Niliinuka nikamweleza kila kitu, mpaka ile arubuni yake ilikokwenda. Aliikagua kanzu, akapitisha kidole mahali ambapo darizi ingekaa, akasema, "Nitaivaa hivi hivi. Lakini mwanangu, ungeniambia kabla." Sijawahi kugusa arubuni ya mtu tena. Pesa ya mpira sasa ina kopo lake, nalitia kila Ijumaa, kwa sababu AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na nataka nimpeleke tena mtoto huyu.

Yeye hakuichukia safari. Wiki iliyofuata alikuja dukani baada ya skuli, akavuta kigoda, akaniambia, "Mjomba, nikuoneshe bao." Akaifuta meza ya kukatia kwa kiganja. Boksi la chaki akaliweka goli. Futi akaikunja ikawa mstari wa kati. Vibobini vya uzi mweusi vikawa Berkane, vyekundu vikawa sisi, na kimoja kilichobaki na uzi kidogo akasema huyu ndiye Mutale. Akakisogeza polepole, akinitazama kama nafuata, mpaka kikagonga chaki. Kisha akanyamaza, akachukua kibobini kingine chekundu, akakizungusha vidoleni.

"Na wewe ulikuwa wapi hapo?"

Nilikipokea, nikakiweka ukingoni mwa meza, nyuma ya mkasi.